Anza na kipa wa akiba: jibu kwa nahodha wa timu iliyogawanyika

Nahodha wa timu moja inayocheza ligi ya mkoa upande wa Busoga ameniandikia swali refu, nami nalifupisha hapa kwa ruhusa yake. Timu yake ina wachezaji wazuri, na baadhi yao wamewahi kuonja ligi kuu, lakini katika chumba cha kubadilishia nguo wamegawanyika makundi mawili: wenyeji waliokua pamoja mtaani, na wageni waliosajiliwa kutoka Kampala, Arua na Mbale. Kipa wa kwanza na kipa wa akiba hawasalimiani. Timu ikifungwa, kila kundi linalilaumu jingine. Kocha huhubiri umoja kabla ya kila mechi bila mafanikio, na sasa kiongozi mmoja wa klabu amependekeza wachezaji wachange fedha za mganga. "Mzee," anauliza, "nyinyi mliocheza zamani mliujengaje ule umoja tunaousikia? Na je, ni lazima tupendane ndipo tushinde?"

Ndugu nahodha, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo jepesi. Si lazima mpendane. Kinachotakiwa ni kila mmoja wenu awe na hakika kwamba mwenzake atafanya kazi yake hata siku ambayo hapendezwi naye, na kwamba yeye mwenyewe hatadhulumiwa ndani ya chumba kile kwa sababu ya kabila lake, mji alikotoka au nafasi yake kikosini. Hayo mawili yakiwepo, urafiki unaweza kuja au usije, na timu itacheza. Yakikosekana, hata mkila sahani moja kila siku mtaendelea kufungwa mabao ya dakika za mwisho, kwa sababu dakika za mwisho ndipo mtu hulazimika kukimbia kwa ajili ya kosa ambalo si lake. Na ukiniuliza pa kuanzia, nitakuambia uwaache kwanza wenyeji na wageni, uanze na wale makipa wawili. Nitaeleza sababu yake, ila kabla ya hapo sina budi kuiondoa ile dhana kwamba sisi wa zamani tulikuwa ndugu wa tumbo moja.

Vijana wanapotaja umoja wa zamani katika nchi hii, mara nyingi huwa na mwaka 1978 kichwani. Mwaka huo Cranes, timu ya taifa ya Uganda, chini ya kocha Peter Okee, walifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana, Paul Ssali akiwa langoni, Jimmy Kirunda akiwa nahodha na Philip Omondi akifunga mabao. Waliwaondoa Nigeria kwa 2–1 katika nusu fainali, kisha wakafungwa 2–0 na wenyeji mjini Accra. Baada ya hapo taifa lilisubiri miaka 39, hadi 2017 kule Gabon, ndipo tukarudi katika mashindano hayo. Kwa muda mrefu kiasi hicho, ni kawaida hadithi ikanona, na wachezaji wale wakageuzwa malaika waliokuwa wakishikana mikono kutoka asubuhi hadi jioni. Wanastahili kila sifa ya kisoka wanayopewa. Lakini walikuwa watu wa klabu zilizokuwa zikikamiana vikali katika ligi, wakavunjana miguu kwenye uwanja wa Nakivubo wiki moja na kuvaa jezi moja wiki iliyofuata. Sioni sababu ya kuwapunguzia heshima kwa kudhani kwamba hilo lilikuwa jambo jepesi kwao.

Mimi mwenyewe nilikuwa kipa, na nililelewa kisoka katika timu ya kambi ya jeshi. Utakumbuka kwamba timu za majeshi zilikuwa na uzito mkubwa katika soka yetu: Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972 na kushindwa na Hafia ya Conakry, na timu za polisi na magereza zimekuwemo katika ligi kwa vizazi kadhaa. Timu za aina hiyo zilikuwa na tatizo ambalo timu za kiraia hazikulijua. Nahodha wetu alikuwa koplo, na beki wa kati aliyesimama mbele yangu alikuwa luteni. Uwanjani koplo alimwamuru luteni apande au ashuke, na luteni alipanda na kushuka; kwenye gwaride koplo huyohuyo alikakamaa na kumpigia saluti. Mambo hayo mawili tuliyazoea upesi kuliko watu walivyodhani. Ugumu ulikuwa chumbani, kwa sababu chumba si uwanja wala si gwaride, na hakuna aliyetuambia sheria ya wapi ilitawala mle. Desturi tuliyorithi kwa waliotutangulia ilikuwa kwamba vyeo vinaning'inizwa msumarini pamoja na sare, na mtu akishavaa jezi huitwa kwa jina lake la mpira.

Desturi hiyo ilitusaidia sana, lakini haikutosha, na hapa ndipo ninapotaka usikilize kwa makini. Mtu wa nje aliyetutembelea kabla ya mechi angetoka akisema kwamba hajapata kuona timu yenye umoja kama ile. Hakuna aliyebishana. Hakuna aliyechelewa. Kocha alisema, sote tukaitikia. Kumbe winga wetu wa kushoto, askari wa kawaida, alikuwa akiona kila mechi kwamba luteni anapitwa upande wake na hathubutu kulisema, kwa kuwa msumari ulibeba sare lakini haukubeba kumbukumbu ya kesho asubuhi. Tulikuwa watiifu, na utiifu ukionwa kwa mbali hufanana na umoja. Kwa hiyo unaponiambia kwamba chumba chenu kina kelele na lawama, mimi sishtuki kama kocha wako anavyoshtuka. Wanaolaumiana angalau wanasema wanachokiona. Kazi yako ni kuitengeneza namna wanavyokisema, na kazi hiyo ni nyepesi kuliko kuwafungua midomo watu walionyamaza.

Ninaposema kwamba si lazima mpendane sibahatishi. Nilipoingia katika mafunzo ya ukocha baada ya kustaafu nilikutana na mambo mawili yaliyonipa maneno ya kueleza nilichokuwa nimekiona. La kwanza ni la Mjerumani Hans Lenk, mpiga makasia ambaye baadaye akawa mwanafalsafa. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya mtumbwi wa wapiga makasia wanane uliotwaa dhahabu katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, kisha akaandika jinsi timu za namna hiyo zilivyoweza kufikia kilele cha mchezo huku zikiwa zimejaa mivutano ya ndani. La pili ni la mtaalamu wa Kanada, Albert Carron, ambaye aliutenganisha mshikamano wa timu katika pande mbili: mshikamano wa kazi, yaani watu kukubaliana wanataka nini na nani afanye nini, na mshikamano wa kijamii, yaani watu kufurahia kuwa pamoja. Pande hizo zinaweza kusaidiana, lakini si kitu kimoja, na kocha anayehubiri umoja bila kusema ni upande upi anaoutaka huwaacha wachezaji wakitazamana.

Na kwa kuwa najua chumbani kwenu mnaijua Ligi Kuu ya Uingereza kuliko mnavyoijua ligi yetu, chukua mfano wa Manchester United ya mwaka 1999, iliyotwaa ligi, Kombe la FA na Kombe la Klabu Bingwa Ulaya katika msimu mmoja. Washambuliaji wake wawili, Andy Cole na Teddy Sheringham, hawakuwa wakizungumza nje ya mchezo, na Cole mwenyewe ameandika waziwazi kuhusu uhasama huo. Waliendelea kupeana pasi. Sikupi mfano huu ili uridhike na wachezaji wasiosalimiana. Chumba chenye chuki kinachosha, na vipaji kama vile havipatikani kwenu Busoga wala kwetu Bombo kila msimu. Nakupa ili usipoteze nguvu zako kuwapatanisha watu ambao wangeweza kufanya kazi pamoja bila kupatana.

Sasa nirudi kwa makipa. Kila nafasi nyingine uwanjani ina mlango wa pembeni. Beki wa akiba anaweza kuingia kucheza kiungo, winga wa kushoto anaweza kuhamia kulia, mshambuliaji wa tatu anajua kwamba dakika ya sabini kocha atageuka kutazama benchi. Kipa wa akiba hana mlango huo. Nafasi ni moja, haigawanywi, na kipa wa kwanza akiwa mzima anaweza kucheza msimu mzima bila kutoka. Juu ya hayo, mtu anayemtayarisha kipa wa kwanza kuliko wote ni huyohuyo anayeitamani nafasi yake: ndiye anayempigia mipira ya kupasha misuli, anayemrushia krosi, anayeona kabla ya kocha kwamba leo mkono wa kushoto mzito. Akitaka kumharibu mwenzake hahitaji uchawi. Anapunguza tu kasi ya mashuti ya mazoezi, na kipa anaingia mechini akiwa hajaonja shuti la kweli.

Kwa sababu hiyo, katika timu yoyote ninayoalikwa kuitazama, mimi humtafuta kwanza kipa wa akiba. Nautazama mkao wake kwenye benchi, anafanya nini wakati wa mapumziko, na wenzake wanamwitaje. Yeye ndiye mtu anayetoa jasho jingi zaidi kwa malipo kidogo zaidi ya sifa. Kama chumba kinamtendea haki, basi karibu kila mtu mwingine katika chumba hicho anatendewa haki. Kama kinamfanya mbeba chupa za maji, basi hata wale wanaocheza leo wanajua moyoni watakavyotendewa siku watakapoumia, na mtu anayejua hivyo huuficha uchungu wa nyonga ili asikalishwe benchi, halafu mnashangaa anapoanguka dakika ya thelathini.

Angalia mfano ambao Mganda yeyote anapaswa kuujua. Denis Onyango alipata kusubiri sana katika soka ya Afrika Kusini, akizunguka klabu mbalimbali na hata kutolewa kwa mkopo, kabla ya kuwa kipa wa kwanza wa Mamelodi Sundowns. Mwaka 2016 klabu hiyo ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akatajwa kuwa mchezaji bora wa mwaka miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika, jambo ambalo ni nadra kwa kipa. Katika miaka hiyo, miongoni mwa makipa waliokaa nyuma yake alikuwa Kennedy Mweene wa Zambia. Huyo hakuwa kijana wa kujifunza kazi. Alikuwa kipa wa Zambia iliyotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012 mjini Libreville, katika fainali iliyoamuliwa kwa penalti 8–7 dhidi ya Ivory Coast, na penalti moja kati ya zile nane aliifunga yeye mwenyewe. Mtu wa namna hiyo, bingwa wa bara zima, alikaa misimu mingi katika klabu ambako mara nyingi langoni alisimama mwingine, na hatukusikia kwamba klabu imepasuka. Kukubali kazi ya namna hiyo kunahitaji tabia njema ya mtu, bila shaka, lakini kunahitaji pia chumba kinachojua kwamba kazi hiyo ni kazi.

Katika timu yetu kipa wa akiba alikuwa na mambo matatu ambayo hakuna aliyeyagusa. Yeye ndiye aliyepanga mazoezi ya makipa siku ya kabla ya mechi, si kipa wa kwanza. Yeye ndiye aliyekaa karibu zaidi na kocha kwenye benchi na kukariri wapigaji wa kona na faulo wa timu pinzani, na wakati wa mapumziko alizungumza kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa alikuwa ameitazama mechi akiwa hajachoka. Na fedha za ushindi alipata sawasawa na aliyecheza, bila kupunguziwa hata shilingi. Nimewahi kukaa pande zote mbili za mpangilio huo. Nilipokuwa wa akiba sikumpenda aliyekuwa mbele yangu, tena sikujisumbua kumficha. Lakini kila Ijumaa nilimpigia mashuti ya kweli, kwa sababu mazoezi yale yalikuwa yangu, na akifungwa kizembe siku ya pili yake ningeulizwa mimi nimemtayarishaje.

Kwa hiyo usiwaite makipa wako wawili na kuwaambia wasalimiane. Salamu ya kulazimishwa haina faida. Mwombe kocha ampe kipa wa pili kazi zinazoonekana, na wewe kama nahodha uhakikishe kwamba anapozungumza wakati wa mapumziko watu wanamsikiliza hadi amalize. Kama klabu yenu inagawa fedha za ushindi kwa waliocheza tu, hilo ndilo jambo la kwanza la kwenda kulizungumza na viongozi, kabla hata ya viatu na jezi. Uhasama mwingi unaoitwa wa kikabila au wa mitaa, ukiufuatilia hadi mwisho, unakuta mtu aliyenyimwa nauli.

Kuhusu lawama baada ya kufungwa, nina mengi ya kusema, kwa maana kipa huishi humo. Dunia imewahi kuona chumba cha nchi nzima kikimwangukia mtu mmoja. Mwaka 1950, Brazili ilipofungwa 2–1 na Uruguay kwenye uwanja wa Maracanã, lawama zilimwangukia kipa Moacyr Barbosa kwa bao la Ghiggia lililopita karibu na mlingoti, na hazikumwacha hadi alipofariki mwaka 2000. Bao lile lilianza mbali naye, pembeni, ambako winga alipita akiwa na nafasi tele. Lakini jicho la watu hukomea mahali mpira ulipokomea, na hilo ndilo jambo ambalo nahodha anapaswa kulipinga kwa nguvu zote ndani ya chumba chake.

Namna ya kulipinga ni kuweka utaratibu, na utaratibu wetu ulikuwa huu. Mara tu baada ya mechi kosa halizungumzwi. Watu wanaoga kama maji yapo, wanavaa, wanakula, wanapanda basi. Yeyote anayeanza kulaumu hukatizwa na nahodha, hata kama ana haki, na hasa kama ana haki, kwa sababu mwenye haki akiwa na hasira husema neno moja zaidi ya lile lililohitajika. Siku ya mazoezi ya kwanza baada ya mechi, mnakaa chini, na hapo kosa linasemwa kwa kitendo na mahali lilipotokea. Mtu anaruhusiwa kusema kwamba krosi za upande wa kushoto hazikuzuiwa, au kwamba kipa alichelewa kutoka. Haruhusiwi kusema "nyinyi wa Kampala" au "watoto wa mtaa huu". Neno "nyinyi" lipigwe marufuku kabisa katika kikao hicho. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa makundi mawili yanaishi ndani ya neno hilo, na mkilinyima nafasi kwa mwezi mmoja mtaona watu wakilazimika kutaja wachezaji na vitendo badala ya miji.

Wakati wa mapumziko ni habari nyingine, kwa sababu hamna muda. Sheria inataka mapumziko yasizidi dakika 15, na ukitoa muda wa kutembea kutoka uwanjani na kurudi, zinabaki kama kumi za kweli. Dakika za mwanzo ziwe za maji na ukimya. Mapigo ya moyo yakiwa juu hakuna anayesikia maneno. Kisha kipa wa akiba na kipa wa kwanza waseme walichokiona, kwa ufupi, halafu kocha. Wengine wakiwa na neno wamwambie jirani yao anayehusika, si chumba kizima. Nimeona timu zikitumia mapumziko yote kwa kupigiana makelele, zikatoka na kuanza kipindi cha pili bila kubadilisha hata msimamo wa beki mmoja.

Jambo jingine linahusu beki na kipa kuzungumza. Mnaocheza sasa hamkuikuta soka ya kabla ya mwaka 1992, ambapo beki aliyebanwa alimrudishia kipa mpira kwa mguu na kipa akaudaka kwa mikono, na mambo yakaisha. Chini ya sheria ile beki na kipa waliweza kuchukiana bila timu kudhurika sana. Sheria ilipobadilika na kipa akakatazwa kuudaka mpira aliorudishiwa kwa makusudi kwa mguu, tulilazimika kuketi na mabeki na kukubaliana nani apite wapi, mpira urudishwe mguu upi, na nani apige kelele gani. Tuliokuwa tumezoea kununiana tuliumbuliwa mapema sana. Kama mabeki wako ni wenyeji na kipa wako ni mgeni, basi mazungumzo hayo ndiyo daraja lako, na unaweza kuyaitisha bila kutaja umoja hata mara moja.

Hapo linaingia suala la lugha, ambalo katika barua yako umelitaja kwa haraka mno. Katika timu za kambi Kiswahili kilitawala chumbani kwa sababu kilikuwa lugha ya kazi, na Mganda wa Masaka, Mlugbara, Mwacholi na sisi Wanubi wa Bombo tulikutana humo bila mmoja kuwa mwenyeji kuliko mwingine, ingawa sisi Wanubi tulijiona tunakijua zaidi na tuliwachosha wenzetu kwa kuwasahihisha. Timu yako haina lugha ya kambi, na si kazi yako kumzuia mtu kufanya mzaha kwa Lusoga au Luganda. Lakini mambo ya mchezo yasemwe kwa lugha ambayo kila aliyemo chumbani anaielewa, na miito ya uwanjani iwe michache na iwe ileile kwa wote: "yangu", "toka", "mtu nyuma", "geuka". Mgeni anayesikia kicheko asichokielewa mara tu baada ya kufungwa bao ataamini kwamba anachekwa yeye, na hakuna hotuba itakayomtoa imani hiyo.

Vilevile tazama mnakaa vipi. Najua viwanja vingi vya ligi za chini havina vyumba, na timu hubadilisha nguo darasani, ndani ya basi au chini ya mwembe. Popote mnapobadilishia, mpangilio wa kukaa unaweza kuamuliwa: watu wakae kwa nafasi zao za mchezo, mabeki na makipa pamoja, viungo pamoja, washambuliaji pamoja. Nasi tulifanya hivyo, na sababu ilikuwa ya kikazi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulalamika kwamba anatenganishwa na rafiki zake.

Utani uacheni uendelee, maana chumba kisicho na utani ni chumba cha hospitali. Mgeni aimbishwe, apewe jina la mpira, achekwe kwa viatu vyake. Ila usiruhusu kipigo, wala kumvua mtu heshima mbele ya wengine kwa kisingizio cha kumkaribisha. Nimeona vijana wenye vipaji wakirudi makwao kwa ajili ya "ukaribisho" huo, na timu zikabaki na wakaribishaji wasiojua kupiga mpira. Katika sala nanyi mfanye kama wengi wanavyofanya, dua na maombi kwa ufupi na kwa zamu, na mwezi wa Ramadhani wasiofunga wasinywe maji yao kwa mbwembwe mbele ya waliofunga.

Kuhusu fedha, nimeshasema la msingi, nami naongeza moja tu. Usidhani kwamba timu inayogombana na viongozi kuhusu marupurupu imekosa umoja. Mwaka 2019, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, Cranes walisusa mazoezi kwa sababu ya fedha siku chache kabla ya kukutana na Senegal katika raundi ya 16. Siku ya mechi walicheza kwa nguvu zote, Onyango akaipangua penalti ya Sadio Mané, na wakatolewa kwa bao moja tu, lililofungwa na Mané huyohuyo. Wachezaji wanaweza kuwa pamoja sana huku wakiwa na madai. Madai yanakuwa hatari pale wachache wanapolipwa kwa siri ili wengine wanyamaze, na kama jambo hilo likijaribiwa kwenu wewe uwe wa kwanza kulikataa, hasa ukiwa mmoja wa hao wachache.

Na mganga? Kataa, na ukatae kwa sababu ya chumba, hata kama hutaki kubishana juu ya imani ya mtu. Nimecheza katika enzi ambapo timu ziliogopa kupita mlango wa kawaida wa uwanja na kupanda ukuta, na ambapo kipa alitegemewa kuzika kitu nyuma ya goli. Hata jina kubwa kama Thomas Nkono, kipa wa zamani wa Kameruni aliyekuwa wakati huo kocha wake wa makipa, alikamatwa uwanjani mjini Bamako mwaka 2002 kwa kushukiwa kuweka hirizi kabla ya nusu fainali dhidi ya Mali, na Kameruni wakashinda 3–0 naye akiwa hayupo kwenye benchi. Tatizo la mganga katika timu iliyogawanyika ni kwamba hamalizi kazi bila kumtaja mtu. Timu ikifungwa baada ya kumlipa, atasema kuna mmoja wenu ndani aliyeifunga njia, na wenyeji watajua mara moja kwamba ni mgeni, na wageni watajua mara moja kwamba ni mwenyeji. Fedha hizo zipelekeni kwenye nauli ya wachezaji wa akiba.

Jumamosi hii, basi, zungumza na kocha peke yake kabla ya kuzungumza na timu, kwa sababu akikusikia ukitoa maagizo haya mbele ya wenzako atadhani unamnyang'anya kazi. Omba mambo mawili tu kwa sasa: kipa wa akiba aongoze mazoezi ya makipa, na lawama zote zisubiri siku ya mazoezi. Mengine yataongezwa hayo yakishika. Usitarajie makipa wako kuwa marafiki. Ukiona wa pili ananyanyuka kwenye benchi kumwonyesha wa kwanza upande ambao mpiga penalti hupendelea, na wa kwanza anatazama na kusikiliza, ujue kazi imefanyika. Na ikiwa kipa wa pili, baada ya kutendewa haki yote hiyo, bado ataomba kuondoka dirisha la usajili litakapofunguliwa, msimwite msaliti. Ana haki ya kutafuta mahali pa kucheza. Mpeni barua yake ya kumruhusu kuondoka kwa wakati, na kocha aanze mapema kumfundisha kijana wa tatu zile kazi za benchi, ili duru ya pili isianze na nafasi hiyo ikiwa tupu.